Jinsi ya Kuandika Kuhusu Kitabu Kilichokuacha Bila Maneno: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma kitabu kikamshika, akatamani kumweleza mwingine, lakini akichukua kalamu hapati zaidi ya "kitabu hiki ni kizuri sana, kila mtu akisome." Nimesoma maandishi mengi ya namna hiyo kutoka kwa wasomaji wenzangu, na kila mara huniuma, kwa sababu najua walichokipitia ni kikubwa kuliko kilichofika kwenye karatasi.

Wanakwama mahali palepale. Wengine hurundika sifa. Wengine husimulia kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho, wakitumaini kwamba kisa chenyewe kitamfanya msikilizaji ahisi walichohisi wao. Na wengi, hasa waliosoma fasihi sekondari, hurudi darasani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Uhakiki wa aina hiyo una kazi yake, lakini ulipangwa ili darasa zima lifike kwenye majibu yanayoweza kusahihishwa. Wewe unatafuta jambo lililokutokea peke yako, saa fulani, kwenye ukurasa fulani.

Ukifuata hatua hizi utapata maandishi ya maneno kati ya 400 na 700 yatakayomfanya mtu ambaye hajakisoma kitabu aelewe ulipatwa na nini na wapi. Mfano wangu mkuu ni Utendi wa Mwana Kupona, shairi ambamo mama, Mwana Kupona mwenyewe, anamuusia binti yake, lililotungwa mwaka 1858 katika mwambao wa Lamu na Pate. Ni mfupi, husomwa kwa kikao kimoja, na wanaousoma kwa mara ya kwanza mara nyingi huishia kusema tu kwamba yule mama alikuwa na hekima.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu chenyewe, nakala unayoweza kuiwekea alama. Kama ni cha kuazima, kata vipande vya karatasi vya kuweka kati ya kurasa.
- Penseli na daftari. Hatua mbili za mwanzo zinahitaji mkono, usizifanye kwenye simu.
- Simu, kwa ajili ya kurekodi sauti katika hatua ya sita.
- Mtu mmoja ambaye hajakisoma kitabu hicho na ana dakika kumi za kukusikiliza.
- Vikao viwili vya saa moja hivi, vyenye usiku mmoja katikati.

Huhitaji kamusi ya istilahi za fasihi. Huhitaji pia kujua maisha ya mwandishi. Yakihitajika, utayatafuta mwishoni, na huenda usiyahitaji kabisa.

## Hatua ya 1: Andika vipande kabla hujamwambia mtu yeyote

Mara tu baada ya kufunga kitabu, au mapema kadiri uwezavyo, andika mambo manne bila kuunda sentensi nzuri: ulikuwa wapi, ulikuwa umefika ukurasa gani, mwili wako ulifanya nini, na jambo gani lilikupitia kichwani hata kama halihusiani na kitabu.

Kwa nini kabla ya kuzungumza? Kwa sababu ukishamsimulia mtu, ile sentensi iliyomfanya aitikie kwa kichwa ndiyo utakayoikumbuka. Ukiirudia kwa wa pili na wa tatu, inakuwa ndiyo kumbukumbu, na kilichotokea kweli kinafunikwa. Maoni ya wengine hufanya vivyo hivyo. Ukisoma kwanza yaliyoandikwa na mtu mwenye maneno mazuri kukushinda, utajikuta umehisi alichohisi yeye.

Vipande vinaweza kuwa hivi: "Kibarazani. Jioni, taa haijawashwa. Beti ya pili. Niliacha kusoma. Nikakumbuka simu ya Jumapili." Hiyo inatosha kabisa.

Tahadhari: usijieleze. Ukiona umeandika "kwa sababu" au "hii inaonyesha kwamba", umekwenda mbele ya hatua.

Utajua umefaulu ukiona angalau kipande kimoja kinachokushangaza, jambo dogo ambalo usingelitaja mbele za watu.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali ilipotokea

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kitabu kizima hakikukushika kwa mpigo. Kulikuwa na mahali. Inaweza kuwa sentensi, beti, jibu la mhusika, hata aya iliyokatika kabla hujategemea. Kazi yako sasa ni kupapata na kuweka kidole hapo.

Anzia pale unapokumbuka hisia ilikuwa kali, kisha soma ukirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Narudia, nyuma. Machozi huchelewa. Unalia ukurasa wa mwisho kwa jambo lililopandwa mapema, na ukitafuta palepale ulipolia utapata matokeo ukikosa chanzo.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 inayoanzia Ukerewe. Wasomaji wengi huniambia kilichowavunja ni mwisho wake. Sawa, lakini ukirudi nyuma kwa utulivu utakuta mapema kabisa baba, Zakaria, akimpiga binti yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume kabla hajajifunza kuwajua, kisha anapelekwa shule ya mbali ambako baba hayupo. Kwa msomaji mmoja, mahali penyewe ni kile kipigo. Kwa mwingine ni namna mama anavyoshindwa kukizuia. Mwisho wa riwaya ulikuja tu kudai deni.

Unapopekua, tafuta dalili hizi: mahali uliposoma mara mbili, mahali ulipoweka kitabu chini ukatazama pembeni, mahali ulipoanza kusoma kwa sauti bila kukusudia, na mahali mwendo wako wa kusoma ulipobadilika. Dalili ya mwisho ni ya kuaminika kuliko machozi.

Ukipata mahali patano, chagua mahali pamoja tu. Najua inauma kuacha panne. Lakini ukipataja pote utatoa orodha, na msomaji wako atapita juu ya orodha bila kusimama popote.

Tahadhari: usichague mistari kwa sababu ni maarufu. Katika Utendi wa Mwana Kupona kuna mahali mama anasema atamtungia bintiye kidani cha lulu na marijani amvike shingoni. Ni pazuri kweli, na watu hupanukuu sana. Lakini kama kilichokusimamisha ni beti ya pili, iache lulu. Beti ya pili ni hii ("lema" ni jema):

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

Ukishapata mahali pako, panakili kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na alama zake. Jicho huruka, mkono hauruki. Unaponakili utaona vineno ulivyovipita ulipokuwa unasoma, kama hilo "hata" la mstari wa pili linaloonyesha kwamba mgonjwa alikuwa akihesabu.

Utajua umefaulu ukiweza kumfungulia mtu kitabu, ukaweka kidole na kusema "hapa", bila kuongeza "na pale pia".

## Hatua ya 3: Uliza mistari hiyo imefanya nini

Sasa unayo maneno mbele yako. Usijiulize yana maana gani, kwa sababu swali hilo litakurudisha kwenye dhamira. Jiulize yamekufanyia nini, na kwa njia gani. Maswali manne yananitosha karibu kila mara.

Nani anasema, na nani anasikia? Katika utendi huu mama anamwita binti yake asogee karibu. Binti hajibu neno. Kwa hiyo wewe unayesoma unakaa kwenye nafasi ya binti, unaambiwa wewe. Hilo peke yake linaeleza kwa nini watu wazima wenye watoto wao wanausoma utendi huu wakajisikia wadogo.

Nini hakikusemwa? Mama hautaji ugonjwa wake. Halalamiki maumivu. Anachokitaja kama hasara ya mwaka mzima wa kuugua ni kwamba hakupata kusema. Mara nyingi nguvu ya mahali iko kwenye kilichoachwa, na msomaji wako hataiona usipomwonyesha.

Sauti ikoje? Usiogope swali hili hata kama hukusoma ushairi. Soma kwa sauti tu. Kila mstari hapo juu una mizani 8, yaani silabi 8. Mistari mitatu ya kwanza inaishia na "ka": yamenishika, mwaka, kutamka. Wa nne unatoka, unaishia na "ia": kukwambia. Ulimi unabanwa mara tatu kisha unaachiwa, na unaachiwa kwenye neno lilelile ambalo mama alikuwa hajaweza kulifanya. Kina hicho cha "ia" ndicho kinachofunga kila beti ya utendi mzima, kwa hiyo lile "kukwambia" linaendelea kusikika hadi mwisho.

Kwa nathari, tazama urefu wa sentensi. Mwandishi aliyekuwa akiandika sentensi ndefu akitumia ghafla sentensi ya maneno matatu, amekushika mkono hapo.

Nini kinafuata mara moja? Baada ya kukiri kwamba hakupata kusema, beti inayofuata mama anamtaka binti aje mbele aketi, na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo angependa kumwambia. Anapita moja kwa moja kutoka kwenye ukimya kwenda kwenye vifaa vya kuandikia. Kama unaandika mwongozo kama huu ninaouandika, huwezi kuisoma beti hiyo ukabaki ulivyokuwa.

Andika majibu yako kwa lugha ya kawaida. Kusema "kina kinabadilika mwishoni na pumzi inatoka" kuna manufaa kuliko kusema "msanii ametumia mbinu ya takriri kwa ufundi mkubwa", kwa sababu sentensi ya kwanza msomaji anaweza kwenda kuihakikisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Utajua umefaulu ukipata walau jambo moja ambalo lipo kwenye karatasi, si kichwani mwako, na ambalo mtu mwingine akilitazama atakubali lipo.

## Hatua ya 4: Uliza wewe ulikuja na nini

Kitabu kilekile, mtu mmoja hulia na mwingine hulala. Tofauti ni mzigo mliokuja nao. Rudi kwenye vipande vya hatua ya kwanza, hasa kile cha kushangaza.

Gawa ukurasa wa daftari katikati. Upande mmoja andika kilichofanywa na maneno. Upande wa pili andika ulichokuwa nacho wewe kabla ya kufungua kitabu: mtu unayemwaza, neno uliloambiwa ukalinyamazia, nyumba mliyohama, mazishi usiyoyahudhuria. Kisha chora mstari mmoja tu wa kuunganisha pande hizo mbili.

Tahadhari ya kwanza: maisha yako ni mazito na yatataka kula nafasi yote. Usiyaruhusu yapite theluthi moja ya maandishi. Yakizidi hapo umeandika kumbukumbu zako, nazo ni kazi nyingine, njema, ya siku nyingine.

Tahadhari ya pili, na hii naishikilia sana: unapojieleza unaweza kumweka hadharani mtu asiyekuomba. Ugonjwa wa shangazi, ndoa ya kaka, deni la baba, hivyo si vyako kuvitoa. Waombe ruhusa wahusika, au tafuta pembe ya jambo hilo iliyo yako mwenyewe. Karibu kila mara ipo. Ukimya wako kwenye simu ni wako, ugonjwa wa mama ni wa mama.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: maneno haya yalisema hivi, mimi nilikuwa na hiki, vikakutana.

## Hatua ya 5: Ondoa maneno yanayofunga mazungumzo

Yafuatayo hayaruhusiwi kwenye rasimu yako: kimenigusa, kinasisimua, kizuri mno, hakielezeki, lugha tamu, mawaidha mazito, mwandishi amefanikiwa, kimebadilisha maisha yangu.

Hayana ubaya wowote kwenye mazungumzo ya njiani. Kwenye maandishi yana kasoro moja kubwa: yanaweza kusemwa juu ya kitabu chochote. Msomaji akiyaona anajua umehisi kitu, lakini hajui kitu gani, na hana pa kuuliza.

Kila ukilikuta mojawapo, lihoji mpaka litoe kitu kinachoonekana au kusikika. Kimenigusa. Wapi? Beti ya pili. Ilifanya nini? Ilisema mwaka ulipita bila neno. Kwa nini hilo? Kwa sababu mimi na mama huzungumza kila wiki na hatuambiani kitu. Basi andika hilo la mwisho.

Kama kweli kitabu kimebadilisha maisha yako, andika ulichofanya wiki iliyofuata ambacho hukuwa ukikifanya. Kama hakuna, futa.

Washairi wetu wanalijua jambo hili zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alitaka kuuonya moyo wake kwamba dunia hupita. Angeweza kusema utajiri wa Pate umekwisha na akanyamaza. Badala yake anakuingiza ndani ya majumba: madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa yakipangwa sahani za thamani sasa wanalala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Hakuna pahala anapokuomba uhuzunike. Ukishayaona yale madaka, huzuni inakuja yenyewe.

Dalili za mwili, yaani donge kooni, nywele kusimama, machozi, zinaruhusiwa mara moja tu katika maandishi yote, na ziwe za kweli.

Utajua umefaulu ikiwa kila sentensi iliyobaki ingekuwa ya uongo kama ingeandikwa juu ya kitabu kingine.

## Hatua ya 6: Lisimulie kwa mdomo

Mtafute yule mtu wako. Weka simu irekodi, mwombe ridhaa kwanza, kisha msimulie kwa dakika tatu bila kushika daftari. Kazi yake ni kuuliza maswali mawili tu: "Halafu?" na "Kwa nini?"

Wengi wetu tumekua tukisimuliana kabla ya kujua kuandika, na ulimi una mpangilio ambao kalamu huupoteza ikianza kuogopa. Utashangaa unavyomwambia dada yako "basi ukifika hapo, yule mama anasema..." ilhali kwenye karatasi uliandika "mtunzi anaendelea kubainisha".

Sikiliza rekodi. Unatafuta mambo mawili: mahali uliposita, na mahali msikilizaji alipokatiza kuuliza. Uliposita ndipo penye jambo, hujalimaliza. Alipouliza ndipo ulipodhani anajua kitu asichokijua. Nakili sehemu hizo mbili tu, nyingine ziache.

Tahadhari: usimchague mtu atakayekusifu, wala aliyekuwa akikusahihisha insha.

## Hatua ya 7: Andika rasimu

Keti sasa uandike kwa mfululizo. Mpangilio unaowafaa wengi ni huu: anzia kwenye ulichokuwa nacho, au kwenye mistari yenyewe. Toa taarifa za lazima tu, ni nani anasema, kwa nani, katika hali gani. Weka mistari uliyonakili. Sema ilichofanya. Sema ulichofanya wewe. Acha.

Usianze na maisha ya mwandishi. Usianze na "tangu jadi vitabu vimekuwa". Usimweleze msomaji utakachomweleza.

Nimetunga mfano mfupi ili uone tofauti. Msomaji wetu ni kijana anayefanya kazi mjini, mama yake yuko kijijini. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

> Utendi huu umenigusa sana. Mama anampa binti yake mawaidha mazito kuhusu dini, ndoa na kuishi na watu. Lugha yake ni ya kale lakini tamu. Mafunzo yake yanafaa hata leo. Kwa kweli nilitokwa na machozi na maneno hayatoshi kueleza.

Kila kitu hapo ni kweli, na hakuna hata kimoja tulichokiona. Baada ya hatua sita, kijana huyohuyo anaandika:

> Kila Jumapili jioni humpigia mama simu. Tunaongea mvua, bei ya mahindi, mguu wake, kisha salio linakatika au mmoja wetu anasema haya, tutaongea. Nilikuwa na fikra kwamba ni umbali.
>
> Mwana Kupona anamwita binti yake asogee, kwa hiyo binti yupo hapohapo. Kisha anamwambia: maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka neno lema kukwambia. Nilisoma hapo mara mbili nikakiweka kitabu mapajani. Vina vinabana, yamenishika, mwaka, kutamka, na mwisho vinaachia kwenye kukwambia. Hasemi anaumwa nini. Anachokihesabu ni mwaka bila neno.
>
> Hakukuwa na umbali wowote kati yao. Beti inayofuata anaagiza wino na karatasi.
>
> Jumapili iliyofuata nilipiga simu. Nikauliza mguu. Tukaongea mvua. Nilikuwa nimeandika sentensi moja kwenye karatasi na karatasi ilikuwa mkononi.

Hajatuambia alilia. Hajatuambia alisema ile sentensi au hakuisema. Lakini mtu ambaye hajawahi kuusikia utendi huu sasa anajua ni beti ipi, ilifanya nini, na kwa nini kwake yeye. Angalia pia alivyoyaacha mawaidha ya ndoa na dini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya utendi. Hakutakiwa kuyataja. Anayetaka utendi mzima ataufungua.

Tahadhari: kwa riwaya na tamthilia, usimwage mwisho. Kama mahali pako pako kwenye kurasa za mwisho kabisa, eleza maneno na sauti yake bila kusema nani kafa au nani karudi. Inawezekana, na ugumu wake utakulazimisha kuandika vizuri zaidi.

## Hatua ya 8: Lala nayo, kisha soma kwa sauti

Iache usiku mmoja. Kesho yake isome kwa sauti ukiwa umesimama. Kata sentensi ya kwanza uone kama maandishi yanasimama bila hiyo, maana mara nyingi yanasimama. Kata ya mwisho uone vivyo hivyo.

## Matatizo yanayojirudia

"Nikiandika, hisia inakufa." Kinachokufa ni ukali wa mara ya kwanza, na ungekufa hata usipoandika. Ukiona baada ya kuandika hujisikii chochote, funga daftari urudi kwenye mistari yenyewe, uisome kwa sauti. Ikikushika tena, endelea. Isipokushika, huenda ulichagua mahali pasipo penyewe. Rudi hatua ya pili.

"Kuna sehemu ambayo kweli haina maneno." Inaweza kuwa kweli. Basi andika kila kinachoizunguka kwa usahihi mkubwa: kilichotangulia, kilichofuata, ulichokifanya kwa mikono yako. Msomaji ataliona pengo na atajua umbo lake. Usilijaze kwa "hakielezeki".

"Nilikisoma miaka mingi iliyopita." Usiandike kutoka kwenye kumbukumbu peke yake. Itafute nakala, usome tena walau sura ile. Huenda ukakuta mistari uliyoibeba miaka yote haipo, au ipo kwa namna nyingine. Hapo una jambo zuri zaidi la kuandika: ulichokisoma, na ulichokifanya nacho kichwani.

"Nilikisoma kwa Kiingereza, nataka kuandika kwa Kiswahili." Tafuta kwanza kama kimetafsiriwa, ili unukuu tafsiri iliyochapishwa na umtaje mfasiri. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, kwa mfano, ilitoka mwaka 1994, na tangu 2022 ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Kama hakuna tafsiri, fasiri mwenyewe ile mistari michache, polepole, na useme wazi kwamba tafsiri ni yako. Kisha fanya hatua ya tatu juu ya lugha zote mbili, kwa sababu kilichokushika kinaweza kuwa ni sauti ya Kiingereza ambayo Kiswahili chako bado hakijaibeba.

"Naona aibu." Ni kawaida kwa hatua ya nne. Andika kwanza yote kwa ajili yako, bila kumwonyesha mtu. Uamuzi wa kuchapisha ni kazi ya kesho, na una haki ya kukataa.

## Kabla hujatuma

Chini ya maandishi weka jina la kitabu, mwandishi, mfasiri kama yupo, mchapishaji, mwaka wa toleo ulilotumia na ukurasa. Kurasa hubadilika toleo kwa toleo. Kwa tenzi za kale ni muhimu zaidi, kwa kuwa zilinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu kabla ya kuchapwa, na tahajia ya neno, hata idadi ya beti, hutofautiana kati ya chapisho moja na jingine. Taja namba ya beti pamoja na ukurasa, ili msomaji mwenye toleo tofauti aweze kuifikia beti uliyoishia kuiwekea kidole.